Kilo za Risasi

Kazi yangu ni kuwafungia washindi mzigo.
Ndivyo sheria ya mashindano yetu ilivyo:
kila pointi moja, kilo mbili za risasi
chini ya kiti kisichokaliwa na mtu,
ili anayekimbia asiwaache mno wenzake,
ili watu wa jukwaani wasirudi nyumbani mapema.

Aprili, Okayama. Miti ya cheri imekwisha kumwaga maua,
petali moja imenasa kwenye wavu wa rejeta.
Ushijima anaanza wa tano, anawameza mmoja mmoja,
anamwachia Kuroiwa usukani ungali na jasho,
na Kuroiwa analileta gari la kwanza.
Nanuka shampeni hadi hotelini.
Kesho yake nashika spana:
vibao vinane, kilo tano kila kimoja.

Mama akapiga simu kutoka Hita.
"Mmeshinda?" Tumeshinda.
"Mmepewa nini?" Kilo arobaini.
"Za mchele?"
Za risasi, Mama. Tukazibebe Fuji.
Akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza:
"Basi hao waliotunga sheria wanaijua dunia."

Fuji, Mei. Kwenye ule mnyoofu usiokwisha
kilo arobaini zinaonekana kwa macho.
Gari jekundu la Hamamatsu likatupita
kana kwamba tumesimama kununua chai ya kopo.
La saba. Naongeza kilo nane.

Suzuka, mvua. Magari mepesi yanateleza ovyo,
letu zito linang'ang'ania lami
kama mgeni aliyeshiba asiyetaka kuaga.
La pili! Kilo thelathini nyingine.
Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, husemwa,
lakini mimi kila kibao nimekinyanyua kwa mikono hii,
naujua ubaridi wake, naijua kona inayokata kidole.

Agosti dada yangu Tamiko akaandika:
Mama, kilo arobaini na moja.
Septemba: thelathini na nane.
Nikaisoma mara mbili,
maana namba zangu mwaka ule zilijua kupanda tu.

Sugo, ukungu. Kuroiwa akaingia changaraweni,
magurudumu yakachimba kama kuku.
Sifuri. Garini mwetu njia nzima hakuna aliyesema neno.
Nami sikumwambia mtu kuwa nilifurahi:
wiki ile sikuwa na cha kuongeza popote.

Oktoba tukapanda Autopolis,
mlima ule ule ulio juu ya kwetu.
Tukawa wa nne; Jumatatu nikateremka Hita.
Maisha yake yote Mama alichonga viatu vya mbao,
mikono yake ilinuka mwerezi hata hospitalini.
Muuguzi alitaka ahamishiwe kitanda cha dirishani.
Nikasema, niachie, hii ndiyo kazi yangu.
Goti moja chini, mgongo wima, pumzi nje,
nikajiandaa kwa uzito.

Hapakuwa na uzito. Nusura nimrushe.

"Polepole," akasema, "mimi si gari."
Kisha, alipokwisha kulala:
"Mbio za mwisho mnavua vyote, sivyo?"
Vyote.
"Magari yote?"
Yote, Mama. Yanakimbia yalivyozaliwa.
"Eeh."
Akageukia dirisha.

Motegi, Novemba. Nikafungua skrubu moja moja.
Redioni Ushijima alipiga kelele kama mtoto: linaruka! linaruka!
Lakini na wenzetu nao walikuwa wameruka.
Wa tatu siku ile, wa pili kwa mwaka,
na picha moja ambamo nimefumba macho.

Disemba, mtunza ghala Hamaguchi alihesabu vibao,
kimoja hakipo. Akaniangalia, akaandika vimetimia.
Kiko Hita, kinazuia mlango wa karakana ya viatu
usijifunge kwa upepo.
Kilo tano tu.
Kwenye treni nilikipakata.